Kurekodi gitare ku nyumba: mikro mupya peke yake haitoshi

Mu miji ya mashariki mwa Kongo, ikiwa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia, Kindu ao Kalemie, kijana anayepiga gitare hangojei tena siku ya kuingia studio. Anakusanya franka kidogo kidogo, ananunua mikro ku duka, ao anatumiwa na ndugu aliye ng'ambo. Siku ile ile anaketi ku kitanda, anafunga mulango, anarekodi. Kisha anasikiliza, na uso unabadilika. Gitare ambayo majirani wanaisifu inatoka kama iliyofungiwa ndani ya pipa. Nyuzi nene zinanguruma, nyuzi nyembamba hazisikiki vizuri, na nyuma ya yote kuko mvumo, pikipiki ya barabarani na jogoo ya jirani. Palepale anasema: mikro ni mbaya, wamenidanganya.

Mara nyingi mikro haina kosa lolote. Sikio la mutu linajua kuchagua: likisikiliza wimbo, linasahau jogoo na pikipiki. Mikro haichagui. Inachukua kila kitu kinachoifikia: gitare, ukuta, pumzi ya mupigaji, hata kiti kinacholia. Ndiyo maana mahali inapowekwa, chumba na kipimo cha sauti vinabadilisha rekodi kuliko bei yake. Mutu anayefahamu mambo haya matatu anaweza kupata rekodi ya kupita ku redio akiwa na mikro ya bei ya chini. Asiyeyafahamu ataongeza dola juu ya dola, na pipa litabaki pipa.

Likasi, mwaka wa 1952

Historia ya gitare mu Kongo yenyewe inaonyesha jambo hili. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, Muingereza aliyeishi Afrika Kusini na aliyezunguka inchi nyingi akirekodi muziki wa Waafrika, alimukuta Jean-Bosco Mwenda mu muji wa Jadotville, unaoitwa leo Likasi, kule Katanga. Bosco, anayejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka wa 1930. Alikuwa kijana mwenye gitare ya mbao, akipiga kwa vidole viwili: kidole gumba kikishika nyuzi za chini, kidole cha shahada kikitembea ku nyuzi za juu. Asiyemuona angefikiri wapigaji ni wawili.

Wakati ule hapakuwa ordinatere ya kukata makosa, wala njia ya kupanga sauti moja moja kisha. Mupigaji alipiga, mashini ikachukua, basi. Lakini wimbo wake «Masanga» ulisikika mbali sana na Katanga, na wapigaji wa inchi zingine walijifunza vidole vyake kwa kusikiliza sahani tu. Yeye na Edouard Masengo, mupigaji mwingine wa Katanga, walifika kufanya kazi mpaka Nairobi. Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko ku Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Bosco alikufa mu ajali ya gari huko Zambia mwaka wa 1990. Gitare yake ya mwaka wa 1952 ingali inasikika, na kila kidole kinajulikana.

Lakini mu kambi za wafanyakazi wa migodi, ku arusi na ku matanga, kulikuwa wapigaji wengine wengi ambao hakuna mikro iliyowafikia. Nyimbo zao zilizikwa pamoja nao. Leo ile mikro ambayo zamani ilisafiri ndani ya gari la muzungu inaingia ndani ya mufuko wa kijana. Kuitumia vibaya ni hasara ya pesa, na zaidi ni hasara ya wimbo.

Kwanza, kujua ni mikro ya aina gani

Kuko aina mbili kubwa, na kila moja iko na kazi yake.

Ya kwanza ni mikro ya dinamiki. Ndiyo ile inayoonekana sana mu makanisa na ku mikutano. Iko na nguvu, haiogopi kuanguka sana, na haihitaji kuranti yoyote. Shure SM57, iliyotoka mwaka wa 1965, na SM58, iliyotoka mwaka wa 1966, ziko za aina hii, na mifano ya kuziiga imejaa ku masoko. Mikro ya dinamiki haisikii mbali sana. Mu nyumba yenye makelele hilo ni jambo zuri. Lakini gitare ya mbao haina sauti kubwa, kwa hiyo lazima mikro isogezwe karibu na kipimo kipandishwe.

Ya pili ni mikro ya kondansateri, ile ambayo wauzaji wanaiita mikro ya studio. Inasikia vitu vidogo: ukucha unapogusa uzi, pumzi, mulango wa nyumba ya pili. Juu ya gitare ya mbao inatoa sauti safi ya nyuzi nyembamba. Lakini inahitaji kuranti ya volti 48, inayotoka ku kadi ya sauti na kupita ndani ya kabule yenye pini tatu, inayoitwa XLR. Ku kadi ya sauti kuko kifungo kilichoandikwa 48V. Watu wengi wamerudisha mikro nzima ku duka wakisema imekufa, kumbe kifungo hicho hakikuguswa. Namna nzuri ni hii: kwanza kuteremsha sauti mpaka chini, kuingiza kabule, kubonyeza 48V, kungoja kidogo, kisha kupandisha sauti polepole.

Kuko pia mikro za USB, ambazo ziko na kadi ya sauti ndani yake. Zinaingizwa moja kwa moja mu ordinatere, na zinarahisisha mwanzo. Ubaya wake ni kwamba kutumia mbili pamoja ku ordinatere moja kunaleta taabu.

Kosa moja linarudi sana ku mikro nene za kondansateri. Mwenye nayo anaielekeza kwa kichwa, kama mikro ya kuimbia kanisani. Nyingi za aina hii zinasikilizia ku ubavu, si ku kichwa. Kwa kawaida ule upande wenye jina la kampuni ao alama ndiyo mbele. Mutu akiielekeza vibaya, sauti inatoka ya mbali na isiyo na mwangaza.

Jambo lingine ni alama ndogo inayochorwa ku mikro. Alama ya moyo inasema mikro inasikia zaidi mbele na karibu haisikii kitu nyuma. Duara inasema inasikia pande zote. Namba 8 inasema inasikia mbele na nyuma, lakini ubavuni hapana. Mu nyumba zetu alama ya moyo ndiyo inafaa zaidi, kwa sababu mgongo wa mikro unaweza kupewa dirisha, barabara ao jenereta ya jirani.

Chumba kinaimba pia

Kabla ya kufungua mashini, inafaa kusimama katikati ya chumba na kupiga makofi mara moja, kwa nguvu. Kama kofi linafuatwa na mulio mufupi wa «trrr», kuta zinarudishiana sauti, na mulio ule utaingia ndani ya rekodi. Hakuna programu inayoutoa vizuri. Chumba kitupu chenye sima na kuta za matofali ndicho kibaya zaidi. Chumba cha kulala, chenye kitanda, nguo na mapazia, mara nyingi kinashinda salo kubwa ya kupokelea wageni.

Dawa haihitaji pesa mingi. Godoro linasimamishwa nyuma ya mupigaji, blanketi nzito zinatundikwa ku kamba pande mbili, kitambaa ao mukeka unatandikwa chini. Kabati ya nguo ikifunguliwa, nguo zenyewe zinakunywa sauti. Vikatoni vya mayai, ambavyo vijana wengi wanabandika ku ukuta, vinasaidia kidogo sana: ni vyepesi, havizuii nyuzi nene kunguruma, wala haviwezi kuzuia makelele ya inje kuingia. Blanketi nzito ni bora.

Mupigaji hafai kuketi katikati kabisa ya chumba, wala kubandika mgongo ku ukuta, wala kuingia ndani ya kona. Kona inaongeza ngurumo ya nyuzi za chini. Kuketi kidogo upande mumoja, gitare ikitazama urefu wa chumba, kunaleta sauti iliyo wazi zaidi.

Paa la manjanja ni adui wa peke yake. Mvua ikianza, kazi imekwisha: mulio wa mvua ku manjanja unafunika gitare, hata kama kuko plafo. Jua likipanda nayo, manjanja yanapanuka na kulia «ta, ta». Ndiyo maana saa nzuri ni asubuhi mapema, kabla ya pikipiki kuanza, ao usiku wakati mabaa na maombi ya usiku yamenyamaza. Kila mutaa uko na saa yake ya kimya. Kuitafuta kwa siku tatu ao nne ni kazi ya bure ambayo inapita blanketi kumi.

Gitare yenyewe

Mikro mupya inaonyesha makosa ambayo zamani hayakusikika. Nyuzi zenye kutu zinatoa sauti iliyokufa, na mikro ya kondansateri haiwezi kuzifufua. Kama nyuzi mupya zinapatikana, zibadilishwe siku moja ao mbili kabla ya kurekodi, zivutwe kwa mukono na kupigwa kusudi zizoee. Zikiwekwa palepale, zinateremka kila dakika.

Kupatanisha gitare ni kabla ya kila wimbo, si mara moja ku mwanzo. Programu za bure za telefone zinasaidia, na kipimo cha kawaida cha noti ya La ni 440. Kama kuko kinanda ku wimbo ule, gitare ifuate kinanda. Telefone ikimaliza kazi hiyo iondoke, itaelezwa chini.

Makelele madogo nayo yatafutwe: kiti cha mbao kinacholia, kifungo cha shati kinachogonga mgongo wa gitare, saa ya ukutani, bangili, koti la nailoni. Mupigaji avae nguo laini na kuketi ku kiti kisicholia.

Mu vijiji vingi, gitare ni ya kutengeneza kwa mukono, na nyuzi zake zimetolewa mu kabule ya freni ya kinga. Hizo nazo zinarekodiwa vizuri. Sauti yake ni kali na fupi, kwa hiyo mikro inasogezwa mbali kidogo kuliko ile ya gitare ya duka. Haifai kumulazimisha muzee kupiga gitare ngeni juu ya rekodi. Mukono wake unajua ile yake.

Mahali pa kuweka mikro

Hapa ndipo rekodi nyingi zinakufa. Mutu anaona tundu kubwa la gitare, anafikiri sauti yote inatokea pale, anaelekeza mikro ndani yake. Ni kweli kwamba hewa nyingi inatoka ku tundu. Lakini hewa ile inabeba zaidi ngurumo ya chini, na ndiyo inaleta sauti ya pipa.

Mahali pa kuanzia ni pengine. Ku shingo ya gitare kuko vile vyuma vidogo vinavyokatisha, frete. Mu gitare nyingi, pale shingo inapokutana na tumbo, ao karibu yake, ndipo frete ya 12 iko. Mikro inawekwa mbele ya frete hiyo, umbali wa sentimita 20 mpaka 30, ndiyo kusema shibiri moja ao moja na nusu ya mutu muzima. Kisha inageuzwa kidogo kuelekea tumbo, lakini si moja kwa moja ndani ya tundu. Mahali hapo mikro inapata nyuzi za juu, nyuzi za chini na mbao kwa kipimo.

Toka pale mupigaji anasahihisha kwa sikio:

– Sauti ikinguruma, mikro isogee kuelekea shingo, ao irudi nyuma kidogo. Mikro zenye alama ya moyo zinaongeza sauti za chini kila zinapokaribia kitu.

– Sauti ikiwa nyembamba, bila tumbo, mikro isogee kuelekea tundu kwa upana wa vidole viwili tu.

– Mulio wa vidole vinapoteleza ku nyuzi ukizidi, mikro iteremke ao ipande kidogo, isiutazame mukono wa kushoto.

– Chumba kikisikika sana, mikro ikaribie. Umbali ukiongezwa mara mbili, sauti ya gitare inayofika moja kwa moja inapungua kwa desibeli 6 hivi, lakini sauti inayorudi toka ku kuta haipungui sana. Ndiyo maana mikro ya mbali inarekodi chumba kuliko gitare.

Mutu anayepiga kwa kidole gumba na shahada, kwa namna ya Katanga, atahitaji kuangalia kwamba nyuzi za gumba hazifuniki zile za shahada. Mikro ikisogea sentimita 5 tu, mambo yanabadilika. Kazi inakuwa rahisi kama kuko mutu wa pili: mumoja anapiga wimbo ule ule, mwingine anavaa kaske na kutembeza mikro polepole mpaka sauti ifunguke. Mupigaji akiwa peke yake, anaweza kurekodi vipande vya nusu dakika, akisema kwa mudomo mahali mikro iko: «ku frete ya 12, shibiri moja». Kisha anasikiliza vyote na kuchagua. Akichagua, aweke alama chini ku miguu ya kiti na ya mikro, kusudi kesho arudi palepale.

Kama hakuna mguu wa mikro, isishikwe mukononi. Inaweza kufungwa ku mti wa fagio uliokazwa ku mgongo wa kiti, na kitambaa kikunjwe katikati kusudi mitetemo ya sima isipande.

Kipimo cha sauti: isiguse wekundu

Ndani ya ordinatere, sauti iko na mwisho wake, unaoandikwa 0. Ikifika pale haiwezi kupanda tena, inakatwa kichwa. Sikio linasikia kama kitambaa kinachopasuka. Sauti iliyopasuka haitengenezeki: sehemu iliyokatwa haipo tena ndani ya rekodi, na wimbo lazima upigwe upya. Kama aliyepiga ni muzee wa kijiji cha mbali, ao mutu aliyekuwa akipita tu, nafasi ile haitarudi.

Kwa hiyo kipimo kipangwe mu sehemu ya wimbo yenye nguvu zaidi, si mu mwanzo wa polepole. Vilele vya sauti vinafaa kufika kati ya −12 na −6. Wengi wanaogopa kwamba hiyo ni chini sana. Hapana. Mashini ikipangwa ku biti 24, rekodi ya sauti ya chini inaweza kupandishwa kisha bila kuharibika. Kipimo cha kila sekunde kinaweza kuwa 44.100, kama ya CD, ao 48.000, ambacho ndicho cha video. Vyote viwili vinatosha.

Fishye ilindwe mu WAV, si mu MP3. MP3 inatupa sehemu ya sauti kusudi iwe nyepesi, na kile ilichotupa hakirudi. WAV ya mikro moja, ku biti 24 na 48.000, inachukua karibu megabaiti 9 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano hauzidi megabaiti 45, na kadi ndogo ya telefone inabeba nyimbo nyingi za namna hiyo.

Mvumo wa kuranti na «tit-tit» ya telefone

Kuranti ya kwetu inatetema mara 50 kwa sekunde. Mvumo wa chini usiokoma, «mmmm», mara nyingi unatokea pale. Jambo la kwanza ni kutoa shaja ya ordinatere na kurekodi na batri. Mara mingi mvumo unakatika palepale. La pili ni kuachanisha kabule ya mikro na kabule ya kuranti: zisilale pamoja sakafuni. La tatu ni kuzima taa zinazolia na friji, kama iko karibu, lakini kukumbuka kuiwasha tena.

Telefone nayo, ikitafuta mutandao, inaweza kuingiza «tit-tit-tit» mu rekodi hata kama haijalia. Iwekwe mu hali ya ndege ao ipelekwe chumba kingine. Jenereta inaleta mambo mawili: kelele yake na kuranti isiyotulia. Batri iliyojazwa muchana ni rafiki mwema kuliko jenereta ya usiku.

Kuimba na kupiga pamoja

Wapigaji wengi wa kwetu hawawezi kutenganisha sauti na gitare: akinyamaza, vidole vinapotea. Haifai kumulazimisha. Kwa mikro moja, iwekwe katikati ya kifua na mudomo, umbali wa sentimita 40 hivi, ikitazama chini kidogo. Sauti ikifunika gitare, mikro iteremke. Gitare ikifunika sauti, ipande. Mizani ipatikane kabla ya kurekodi, kwa sababu baada ya pale vitu viwili vimekwisha kuwa kimoja.

Kwa mikro mbili, kanuni ya zamani ni ya tatu kwa moja: umbali kati ya mikro na mikro uwe mara tatu ya umbali kati ya kila mikro na kile inachosikiliza. Bila hiyo, sauti ile ile inafika ku mikro mbili kwa nyakati tofauti kidogo, na zikichanganywa zinakulana: gitare inakonda. Mikro mbili zilizowekwa vibaya zinashindwa na moja iliyowekwa vizuri.

Anayeweza kurekodi gitare kwanza na kuimba kisha, avae kaske iliyofungwa vizuri masikioni, kusudi sauti yake isitoke na kuingia ku mikro. Akijisikia kwa kuchelewa, kama mwangwi, ku kadi nyingi za sauti kuko kifungo cha kusikiliza moja kwa moja bila kupita mu ordinatere.

Kusafisha, lakini si kuosha mpaka kupasuka

Audacity ni programu ya bure iliyoanza kutoka mwaka wa 2000, na inafanya kazi hata ku ordinatere ya zamani. Inatosha kukata mwanzo na mwisho, na kupandisha sauti.

Inafaa kurekodi sekunde kumi za kimya kabla ya wimbo, mupigaji akiwa amekaa bila kutikisika. Kimya hicho kinafundisha programu namna mvumo wa chumba uko, kusudi iupunguze. Lakini kupunguza sana kunaleta sauti ya maji, kama gitare iko chini ya ziwa. Mvumo kidogo ni bora.

Ngurumo zilizo chini ya hertzi 80 zinaweza kukatwa, kwa kuwa uzi munene wa gitare, ukipatanishwa kawaida, unaanzia ku hertzi 82 hivi. Chini ya pale hakuna noti, kuko tu malori na miguu ya watu. Aliyeteremsha uzi ule akate chini zaidi. Mwangwi wa programu, ambao vijana wanaupenda, utiwe ku nakala, si ku rekodi ya kwanza. Mwishoni, wimbo usikilizwe ku kaske, ku telefone na ku redio ya nyumbani. Kama vidole vinasikika ku zote tatu, kazi imefaulu.

Kulinda kile kilichopatikana

Rekodi isiyo na jina ni kama mufu asiye na kaburi. Jina la fishye libebe jina la mupigaji, jina la wimbo, mahali na tarehe. Inasaidia pia kusema maneno hayo kwa mudomo mwanzoni mwa rekodi yenyewe, pamoja na luga ya wimbo na mutu aliyeutunga. Kama anayerekodiwa ni mutu mwingine, aombwe ruhusa, na aambiwe kweli rekodi itapelekwa wapi. Wimbo wa muzee si wa mwenye mikro. Watunzi wanaotaka kulinda haki zao wanaweza kuulizia namna ya kujiandikisha ku SOCODA, shirika la haki za watunzi mu Kongo.

Mikro yenyewe iogope unyevu na vumbi. Kando ya ziwa, na mu Goma yenye vumbi la vulkano, ya kondansateri isibaki inje usiku kucha. Irudi mu sanduku lake, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya maji vinavyopatikana mu vikatoni vya viatu.

Na nakala ziwe mbili, mahali pawili. Wakaaji wa Goma walikimbia Nyiragongo tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002, wakakimbia tena tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021. Familia nyingi za mashariki zimekimbia vita zaidi ya mara hizo. Mu dakika zile hakuna anayebeba ordinatere na gitare akiacha mutoto. Lakini kadi ndogo ya telefone inaingia mufukoni, na nakala iliyotumwa kwa ndugu wa muji mwingine haiguswi na moto. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama dokima, si kama ujumbe wa sauti, kwa maana ujumbe wa sauti unakandamizwa.

Kwa kifupi, kabla ya kusema mikro ni mbaya, mambo haya yaangaliwe: upande wa mbele wa mikro, kifungo cha 48V kama inakihitaji, makofi mu chumba, shibiri moja mbele ya frete ya 12, vilele visivyopita −6, shaja kutolewa, telefone kuondolewa, sekunde kumi za kimya. Hakuna hata moja linaloomba dola. Bosco Mwenda alipiga mara moja mbele ya mashini, na zaidi ya miaka 70 kisha vidole vyake viwili vinasikika. Babu anayepiga jioni ku lupango ya jirani naye anangoja tu mutu wa kuketi mbele yake, kuweka mikro mahali panapofaa, na kunyamaza.